Nguo ya Mama wa Bibi Harusi

Nyumba ya Ngazi za Kijani,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili alasiri, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Pokea salamu zangu, tena zipokee kwa mikono miwili, maana safari hii zinatoka kwa mke wa mtu. U hali gani huko kwenye baridi? Goti lako linasemaje? Wale wazee unaowatunza wanaendeleaje, hasa yule bibi anayeficha miwani yake kila asubuhi kisha akakusingizia wewe? Na wadogo zangu, bado wanasalimia watu au tayari wameshakuwa wakubwa? Sisi huku wote tu wazima, tunakula, tunalala, na wengine wetu tunacheka bila sababu.

Anayecheka bila sababu ni mimi. Mama Mdogo, ndoa ni tamu, na kama kuna siku itachacha basi siku hiyo bado haijaijua anwani yetu. Mume wangu kwao wanamwita Taratibu, kwa sababu hata akiungua hujipuliza kwanza ndipo aseme ameungua. Kazi yake ni kutengeneza majokofu. Kila jioni anarudi na mikono ya baridi na jambo la kwanza ni kuiweka kwenye mashavu yangu. Kila siku namkasirikia, na kila siku ikifika saa yake nasogea karibu na mlango ili nisichelewe kukasirishwa.

Kazini nako ni hivyo hivyo. Nakaa kaunta ya duka la dawa nikitabasamu peke yangu, mpaka juzi mzee mmoja akaniuliza ni dawa gani ninayomeza mimi, na kama inauzwa bila cheti.

Lakini najua si habari hizo unazozingoja. Siku ya harusi ulipopiga simu tukiwa ukumbini uliuliza swali moja tu, "Mama yako amesimama wapi?" Kabla sijajibu mtandao ukakata, na tangu hapo kila tukipigiana tunasikilizana maneno nusu nusu. Najua kwa nini uliuliza. Kwenye harusi yako mama alikushonea gauni, akakuvisha, akakufunga mkanda kiunoni, kisha akarudi jikoni, na katika picha zako zote hayumo. Basi keti, weka chai karibu, nikupe habari yote tangu mwanzo.

Uliondoka mimi bado navaa sare ya shule, kwa hiyo kuna mengine hukuyaona. Tangu baba alipotuacha akaenda kuoa kwingine, mama alijiona kama kitu kilichorudishwa dukani. Hakulalamika. Alikaa na cherehani yake kwenye kile chumba cha mbele, akawashonea watu. Watu walileta vitambaa vizima, wakaondoka na nguo zao, na vilivyobaki wakamwachia. Hivyo ndivyo alivyojishonea yeye. Mkono wa kushoto ulitoka kwa karani wa benki, mgongo kwa mwalimu mkuu, kola kwenye sare za wanafunzi.

Mtaa mzima ukamwita Mama Vipande, naye akaitika bila kinyongo. Mtu akimsifia alichovaa, jibu lake lilikuwa, "Hiki? Mabaki tu haya." Miaka yote nilidhani anazungumzia nguo.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, ili akihitajika mtu wa kuchota maji au kumtoa mtoto anayelia awe wa kwanza kuonekana.

Sasa sikia. Mimi na Taratibu tulipokubaliwa, mama mkwe wangu alinunua kitambaa kimoja kirefu, rangi ya zabibu, chororo kama maji, akakikata katikati. Nusu akabaki nayo, nusu akamletea mama. Ni mwanamke mcheshi, anauza vyombo vya plastiki, na sauti yake inatangulia kufika kabla yake. Akasema, "Mama mwenzangu, nataka siku hiyo tusimame mimi na wewe mbele ya kanisa, watu washindwe kujua ni nani kazaa nani." Mama akapokea, akashukuru, akakiweka kabatini.

Siku moja natafuta zipu kwenye kabati hilo, nikakuta kitambaa kimeshakatwa na kushikizwa kwa pini. Nikafurahi. Nikakinyanyua nikione, na furaha ikaniishia mikononi. Mama unamjua alivyo mwembamba. Kile kilichokatwa kingemtosha mara mbili. Chini yake palikuwa na gauni jingine, limekunjwa vizuri, la kijivu, lenye aproni nyeupe. Lilikuwa sawasawa na yale aliyowashonea kina mama watakaogawa chakula.

Nikamfuata kwenye cherehani. Alikuwa na pini mdomoni kama kawaida yake, akazitoa moja moja kwanza, maana hapendi kuongea nazo.

"La zabibu ni la shangazi yako," akasema. "Yeye anajua kusimama mbele za watu."

"Na wewe?"

"Nani atasimamia sahani?"

Shangazi unamkumbuka, dada yake baba. Tunamwita Meneja ingawa hajawahi kuwa meneja wa kitu chochote isipokuwa sisi. Kumbe alishafika nyumbani mimi nikiwa kazini, akamwambia mama kwamba mwanamke aliyeachwa akisimama na bibi harusi anamwachia mkosi wake. Na mama aliamini, Mama Mdogo. Hapo ndipo niliposhindwa hata kumkasirikia. Alikuwa tayari asiione ndoa ya mtoto wake wa pekee, akaisikilizie jikoni kwenye ukumbi wa kanisa, kupitia dirisha la kupitishia vyakula, mradi isiingie doa kwa sababu yake.

Nilikwenda kumlilia Taratibu. Alinifuta machozi polepole, unajua tena, kisha akasema, "Basi tutafungia harusi jikoni. Mchungaji atasimama karibu na masufuria." Nilidhani ananitania, lakini alikuwa anafikiria kabisa benchi zitaingiaje. Nilimpenda upya palepale, na nilikuwa nimeshampenda sana.

Nilimpelekea mama maneno hayo, akacheka mpaka akafuta machozi. Lakini pini za Meneja zilibaki palepale kwenye kitambaa.

Ikapita kama wiki. Jioni moja, jua bado liko dirishani, wateja wameondoka, mimi niko pembeni napachika shanga kwenye shela yangu. Mama alikuwa chini anasafisha, na ile sumaku yake ya spika ya redio, akiipitisha sakafuni kuokota pini na kuzoa vipande. Hapo ndipo anapoombea. Huwa anasema kwa kuwa kazi imeshampigisha magoti, haoni haja ya kumsumbua Mungu mara mbili. Huomba kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na mteja aliyekaa kwenye kile kiti cha kusubiri.

Aliniombea mimi, akamwombea Taratibu na ngazi anazopanda kazini, akakuombea wewe na goti lako. Hata Meneja akamtaja vizuri. Halafu akafika kwake mwenyewe, na kwake huwa ni sentensi moja ile ile, niliyoisikia tangu nikiwa mtoto: "Na mimi, Bwana, kitakachobaki."

Safari hii aliisema, sumaku ikasimama sakafuni. Mkononi alikuwa ameshika kipande cha kitambaa cha mtu, chembamba, cha pembeni. Akakitazama.

"Wewe Kijiti," akaniita. "Mtu akileta kitambaa, mimi nakata nini?"

"Nguo yake."

"Umewahi kuniona nimeketi na mkasi nikasema leo nakata mabaki?"

"Hapana. Mabaki yanatokea tu."

"Hakuna fundi anayekata mabaki," akasema, kama anayejisomea kitu. "Sasa aliyenikata mimi, alikuwa anakata nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Alikuwa anakata nguo."

Akaketi sakafuni kabisa, miguu ameinyoosha mbele, akacheka. Kisha akalia, kisha akacheka tena, nami sikujua nimfuate kwenye lipi. Akasema miaka yote amemwomba Mungu amhurumie kama mtu anayeomba asifagiliwe nje, kumbe Mungu alikuwa anangoja amalize kuongea ili amwulize ni nani aliyemwambia kwamba yeye ni mabaki. Halafu akajipangusa uso kwa kile kipande, akasema, "Inuka, lete futi."

Mama Mdogo, wajua fundi hawezi kujipima mabega mwenyewe? Mama amepima wanene na wembamba wa mtaa mzima, maharusi na marehemu, lakini yeye hajawahi kupimwa na mtu. Nilipomzungushia futi alijikunja, mabega yakaingia ndani. Nikamwambia maneno anayowaambia wateja wake, "Simama kama ulivyo, mama, hatumshonei mtu aliyejificha." Akanyooka. Nikalazimika kuinua mikono juu zaidi. Nimeishi na mama maisha yangu yote na sikuwa najua kwamba ni mrefu kunizidi.

Akafumua mipango yote ya Meneja, akakata upya kwa mwili wake. Akashona mchana, mlango wazi, kila apitaye akiona. Na kwa mara ya kwanza katika chumba kile vikabaki vipande vya nguo ya mama.

Baada ya hapo mambo madogo madogo yakaanza kunishangaza. Mchana mmoja alifunga mlango ili ale. Mteja akagonga, akachungulia dirishani, akamwona yuko mezani.

"Mama Vipande, unaumwa?"

"Siumwi. Nakula."

"Nisubiri?"

"Kama una nafasi. Bado sijafika kwenye nyama."

Jumapili akaenda kukaa benchi la pili. Mzee wa kanisa akadhani amepotea njia, akamwonyesha kwa heshima kule mlangoni. Mama akamwambia, "Kule nilishakaa vya kutosha, baba, na upepo wake naujua." Akabaki palepale. Aliniambia zamani akimaliza kuomba alikuwa anasikia uchovu, siku hizi akimaliza anasikia njaa. Sijui wanatheolojia wanaliitaje jambo hilo, lakini nimeona mashavu yake.

Sasa ikabaki siku ya Meneja kuja kujaribu gauni. Nilimwomba mama nimpigie simu mapema kumwambia, akakataa. Akasema mambo ya ana kwa ana hayapelekewi simu. Mimi nikajifanya nina kazi ya kupiga pasi katika chumba hicho hicho. Siwezi kukudanganya, nilipasi taulo moja tangu mwanzo wa mazungumzo mpaka mwisho.

Shangazi akaingia na manukato yake, akakaa, akapokea maji. Akaliona gauni la zabibu limetundikwa ukutani, akautazama upana wake.

"Wifi, hili mbona limepungua? Hapa ataingia nani?"

Mama akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kile kimto chake cha mkononi. Hakuharakisha.

"Nitaingia mimi."

"Tulishazungumza."

"Ulizungumza wewe, wifi, mimi nilikuwa nasikiliza. Gauni la mama wa bibi harusi linashonwa kwa mwili wa mama wa bibi harusi."

"Watu watasema nini?"

"Watasema limemkaa vizuri."

Shangazi akageukia kwangu kutafuta msaada, akakuta napasi taulo. Akarudi kwa mama, sasa kwa sauti ya chini, na nakuhakikishia hakusema kwa ubaya, alisema kwa hofu. "Wifi, wewe uliachwa. Hulioni hilo?"

Mimi nilisahau kuisogeza pasi, maana neno hilo ndilo lililomweka mama jikoni miaka yote, na nilijua likimpata tena sasa, harusi yangu itafungwa yeye akiwa na aproni jikoni.

Mama akasema, "Aliniacha kaka yako. Mungu hakuondoka naye."

Hakupandisha sauti, Mama Mdogo. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa chake kimetosha. Shangazi akanywa yale maji yote. Mama akainuka, akamletea kitu kilichofungwa kwenye karatasi laini. Lilikuwa ua kubwa la kitambaa, lenye majani ya duara yaliyoshonwa kwa mkono moja moja, la kubandika begani. La rangi ya zabibu. Alilitengeneza kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo yake.

"Hili ni lako," akamwambia. "Nawe ni wetu, lazima tufanane."

Nimeapa sitacheka nikiandika hapa. Mama hakuwa na kijembe hata kidogo, alikesha na moyo safi kwenye ua lile. Lakini mimi niliyejua habari yote ilinibidi nitoke nje na taulo langu.

Basi siku ikafika. Mimi nilikuwa mzuri, nisikufiche, hata Taratibu aliponiona alitembea haraka kwa mara ya kwanza maishani mwake, mpaka msimamizi wake akamshika koti. Lakini macho ya watu hayakuwa kwangu mimi. Mama alitembea kulia kwangu katikati ya kanisa, kichwa juu, lile gauni likimfuata kila anapokanyaga. Nilisikia mtu akiuliza, "Yule nani?" na mwingine akajibu, "Si Mama Vipande?" na wa kwanza akasema, "Acha utani."

Mchungaji akauliza ni nani aliyemleta bibi harusi. Mama akaubana mkono wangu. Akavuta pumzi.

"Mimi, mama yake."

Walisikia mpaka wale waliokaa mlangoni. Mama mkwe akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele mahali ambapo ratiba haikumruhusu, kisha akaja kusimama ubavuni kwa mama, wakashikana mikono, zabibu mbili kwenye shina moja.

Shangazi alikuwa benchi la pili na ua lake begani. Alilia kuliko mtu yeyote, na ukumbini akamwambia kila aliyetaka kusikiliza kwamba yeye ndiye aliyemlazimisha mama asimame mbele. Tumemwachia. Tena amepata wateja watatu wanaotaka maua kama lile, na anawaleta yeye mwenyewe kwa mama kama wakala.

Ukumbini kukatokea jambo moja lililotutoa jasho. Binti mmoja wa kugawa chakula aliteleza, rundo la sahani likaanguka kwa kishindo. Mama akainuka kwenye kiti cha mbele, mwili wake tu ulimwinua, miaka yote ya jikoni ikamsukuma kwa nyuma. Taratibu akanishika goti chini ya meza. Sote tukamtazama amesimama nusu. Akamtazama yule binti, akaona wenzake wameshamfikia wanaokota. Akalainisha gauni lake, akaketi.

"Pole mwanangu," akamwambia. "Ukimaliza hapo usinisahau kwa nyama."

Na kwenye picha yumo, Mama Mdogo. Nimekufungia tatu humu ndani. Usinitafute mimi kwanza, mtafute yeye.

Sasa nifikie alilonituma. Kila mwaka unamtumia mama mzigo wa nguo ulizozivaa ukazichoka, na kila mwaka anazipokea kwa furaha na kuzipunguza. Jana nilimwambia nakuandikia, akasema nikusalimie sana, na nikushukuru kwa zile zote za nyuma. Kisha akasema, "Mwambie mdogo wangu mwaka huu asiniletee alizozivaa. Aniletee kitambaa. Kizima, kipya, rangi atakayoipenda yeye, kitoshe wawili. Na aje nacho mwenyewe, maana nataka kumpima."

Nakuomba usikasirike, nami nimeandika kama alivyosema. Aliposema hivyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu ameipandanisha, anakula embe.

Nisalimie sana Baba Mdogo, mwambie mkwe wake mpya anauliza jokofu lenu la huko linavuma au limetulia. Wabusu wadogo zangu, na yule bibi wa miwani mwambie nimemwota. Mama mkwe anakusalimia kwa sauti kubwa. Shangazi naye anakusalimia, ameniagiza nitaje kwamba afya yake ni nzuri na ua lake halijafifia.

Mungu aliyekukata wewe kwa mkono wake mwenyewe akutunze ukiingia na ukitoka, akulainishie goti, na akulete nyumbani tukuone.

Ni mimi nikupendaye tangu sijui kuandika jina lako, na sasa nakupenda kwa niaba ya watu wawili,

Kijiti wako,
mke wa Taratibu.